Nyumba Jirani na Ofisi: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Iliyohamia Dodoma Kikazi

Mwezi Septemba mwaka 2021, shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alipokea barua ya uhamisho iliyomtaka aripoti Dodoma, kwenye ofisi za wizara yake zilizopo Mji wa Serikali, Mtumba. Wakati huo walikuwa wameishi Tabata, Dar es Salaam, kwa miaka tisa. Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, binti yao mkubwa alikuwa darasa la nne, mdogo alikuwa na miaka mitatu, na nyumbani walikaa pia na dada wa kazi, hivyo kaya ilikuwa ya watu watano. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yao, bila majina, kwa sababu nilishirikishwa mara mbili: mara ya kwanza kama ndugu anayepewa taarifa baada ya kodi kulipwa, na mara ya pili kama mtu aliyeombwa kukaa nao mezani na daftari la matumizi ili wasirudie kosa.

Si kisa cha ajabu. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulifikiwa tangu mwaka 1973, lakini ni baada ya Rais John Magufuli kutangaza mwezi Julai 2016 kwamba Serikali nzima inahamia huko ndipo maelfu ya watumishi walipoanza kufungasha mizigo. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa wengi kama CDA, ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamishiwa kwa halmashauri; Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Aprili 2018; na mwezi Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, umbali wa takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya jiji, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Viwanja vilipimwa kwa kasi, nyumba zikachipuka kwa kasi hiyo hiyo, na katika maeneo mengi mabomba ya maji, lami na shule vilifuata nyuma kwa mwendo wake. Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga Dodoma anachagua, kwa hiyo, kati ya mitaa ambayo mingine imekamilika na mingine bado inajengwa akiwa ndani yake.

Shemeji alichagua Ihumwa, mtaa ulio jirani na Mtumba. Ukimsikiliza anavyoeleza sababu, huwezi kumlaumu. Kwa miaka tisa alikuwa ameamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi kazini Posta, na siku za mvua, barabara ya Mandela ilipofungamana, alirudi nyumbani watoto wakiwa wamelala. Alipoambiwa anahamia mji mwingine, jambo la kwanza aliloapa nalo ni kwamba hatapoteza tena maisha yake ndani ya daladala. Akampigia dalali, akamweleza kwamba anataka nyumba ya vyumba vitatu, yenye uzio, umbali wa kutembea kwa miguu au kidogo zaidi kutoka ofisini. Dalali akampata mwenye nyumba mpya kabisa, vigae vimeng'aa, umeme upo, bomba lipo uani, tangi la lita 1,000 limepandishwa juu ya mnara wa zege. Kodi ilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi. Siku hiyo zikamtoka shilingi 2,100,000, na akapewa funguo.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa limeshafanyika kabla hajampigia dalali. Shemeji aliupima mji mpya kwa kipimo cha mji wa zamani. Dar es Salaam ni mji ambao foleni ndiyo bei kubwa kuliko zote, na mtu aliyeishi huko hujifunza kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni mbali kiasi gani na kazini? Dodoma swali hilo lina jibu jepesi. Kilomita zile 17 kutoka mjini hadi Mtumba hazifiki nusu saa kwa gari barabara ikiwa nyeupe, na mara nyingi huwa nyeupe. Umbali, ambao Dar es Salaam ni mateso, huku ni nauli tu. Kinachouma Dodoma ni kingine, na mtu asiyekijua hawezi kukiuliza.

Wapo ndugu waliomlaumu dalali. Mimi simlaumu. Aliulizwa kuhusu umbali na bei, akajibu ukweli kwa yote mawili. Aliulizwa pia kama maji yapo, akafungua bomba, maji yakatoka. Siku hiyo ilikuwa siku ya mgao wa mtaa ule, na hakuna aliyemuuliza yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu maji ndiyo kiini cha kisa chote. Dodoma ni nchi kame. Mvua zake hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni jua, vumbi na upepo. Hakuna mto wa kudumu wa kutegemea kama Ruvu inavyotegemewa na Dar es Salaam. Kwa miongo mingi mji umenyweshwa na visima virefu vya bonde la Mzakwe, upande wa kaskazini, na visima hivyo vilikusudiwa mji mdogo kuliko huu ambao sensa ya mwaka 2022 ilikuta una watu zaidi ya 760,000. Watu wakiongezeka kuliko maji, maji hugawanywa kwa zamu, na katika zamu mtaa ulio bondeni, karibu na bomba kubwa, hupata kabla ya mtaa ulio mwinukoni mwishoni mwa laini. Nyumba ya Ihumwa ilikuwa mwinukoni, mwishoni mwa laini. Hata siku ya zamu yao ilipofika, walio chini walifungua kwanza, na presha ilipofika kwao ilikuwa imebaki ya kuchuruzika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na laiti ingefanywa kabla ya kodi kulipwa. Kaya ya watu watano yenye mtoto mdogo, inayopika nyumbani na kufua kwa mikono, ilitumia kama ndoo 15 za lita 20 kwa siku, yaani lita 300. Tangi la lita 1,000 likijaa linawatosha siku tatu na kitu. Kama bomba linatoa maji kila baada ya siku tatu, tangi hilo linatosha na wala hakuna habari. Kama linatoa mara moja kwa wiki, kila wiki kuna upungufu wa karibu lita 800. Mwezi Januari 2022, ambao ndio mwezi waliouandikia kila kitu kwenye daftari, bomba lilitoa maji mara mbili tu. Siku hizo mbili walipata, pamoja na matumizi ya siku yenyewe, kama lita 2,600, ilhali mahitaji ya mwezi yalikuwa lita 9,000. Pengo walilijaza kwa kununua: lita 1,000 mara saba, kila safari shilingi 20,000, jumla shilingi 140,000. Hayo yalikuwa maji ya visima vya watu binafsi, yenye chumvi ya kuhisiwa mdomoni, sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe ndani. Ya kunywa waliyanunua kando. Tena Januari ni mwezi wa mvua. Paa lao halikuwekewa mifereji ya kukinga maji, kwa hiyo mvua ilinyesha juu ya vichwa vyao, ikapita ikielekea korongoni, nao wakaendelea kumsubiri mwenye boza.

Jambo la pili lililowashinda ni kwamba kaya ina kazi zaidi ya moja. Mume alipata uhamisho wa kumfuata mwenza mwisho wa mwaka, na shule aliyopangiwa ilikuwa upande wa pili kabisa wa jiji, barabara ya Singida, maeneo ya Kizota. Wakati shemeji alitembea dakika kumi hadi ofisini, mdogo wangu alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akapanda daladala hadi mjini, akabadilisha nyingine hadi Kizota, na jioni akirudi kwa kuchelewa, kwa sababu kidato cha nne walikuwa na vipindi vya ziada, alikuta daladala za kuelekea Mtumba zimeadimika, akalazimika kuchukua bodaboda katika barabara kuu yenye malori. Kila mtu akitaja umbali wa nyumba ile na kazini, alitaja kazi ya mke. Walipochagua nyumba mwezi Oktoba hawakujua shule ya mume itakuwa wapi, na hilo lenyewe lilitosha kuwa sababu ya kusubiri.

Halafu binti mkubwa. Yeye alibaki Tabata kwa bibi yake amalize upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, akaja Desemba, na Januari ilibidi aanze darasa la tano. Shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumba ilikuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati, na wazazi, baada ya kuitembelea, wakaamua kumpeleka shule iliyoko upande wa Ilazo, katikati ya mji na Nzuguni, aliyokuwa akifundisha rafiki wa mume. Usafiri wa mtoto ukawa shilingi 60,000 kwa mwezi. Bila wao kutambua, siku hiyo walikuwa wamekwisha kuchagua mtaa wao wa pili, kwa maana shule ya mtoto huivuta kaya kuliko ofisi inavyoivuta. Mtu mzima anaweza kusafiri gizani, mtoto wa miaka kumi haifai.

Ni haki niseme pia faida walizozipata, maana zilikuwepo. Shemeji alianza kazi saa moja na nusu asubuhi na kumaliza saa tisa na nusu alasiri, na saa kumi alikuwa nyumbani na mtoto mdogo, jambo ambalo Dar es Salaam halikuwahi kutokea hata mara moja siku ya kazi. Hewa ilikuwa safi, uwanja mkubwa, usiku ulikuwa kimya. Majirani, wengi wao watumishi waliohamia kama wao, walikuwa watu wema waliokopeshana ndoo za maji. Mtumishi asiye na mwenza wala watoto, mwenye tangi kubwa, angeweza kuishi Ihumwa kwa raha kabisa. Sikioni kama kisa cha mtaa mbaya, na ningesikitika mtu akikisoma hivyo.

Mwezi wa Februari tuliketi mezani. Daftari lilionyesha kwamba nyumba ya shilingi 300,000 iliwagharimu zaidi ya mara mbili ya hiyo: kodi 300,000, maji 140,000, usafiri wa mume 130,000, usafiri wa mtoto 60,000, jumla shilingi 630,000 kwa mwezi. Shemeji aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Shemeji, kumbe tulikuwa tunalipa kodi ya Area D tukiwa tunakaa Ihumwa." Alikuwa na haki. Nyumba zilizo karibu na mjini, kama za Area D, ambazo Oktoba walizikataa kwa kuona ni ghali, zilikuwa ndani ya kiasi kile kile walichokuwa wakikitoa kila mwezi kidogo kidogo.

Swali la kwanza tulilolijadili lilikuwa kama wahame mara moja. Kodi ilikuwa imelipwa hadi mwisho wa Machi, na mkataba haukuwa na kipengele chochote cha kurudishiwa kodi ya miezi isiyokaliwa. Mdogo wangu alitaka kuondoka wiki hiyo hiyo, alichoka. Mimi nilishauri wasubiri, na bado naamini ulikuwa ushauri sahihi, ingawa najua uliwagharimu wiki nyingine za kuamka alfajiri. Fedha iliyolipwa ilikuwa imeshakwenda, haikupaswa kuwafunga. Lakini kuhama mapema kungemaanisha kulipa nyumba nyingine wakati nafuu ya matumizi kwa mwezi isingefikia kodi hiyo mpya. La maana zaidi, wiki zilizobaki zilikuwa za mvua, na hakuna msimu bora wa kuikagua nyumba Dodoma kuliko wa mvua. Mwenye kutafuta kati ya Juni na Oktoba huona kila mtaa mkavu na kila barabara inapitika.

Wagogo, wenyeji wa nchi hii, husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno lao idodomya, mahali palipozama, na simulizi ni ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope. Nilimkumbusha mdogo wangu simulizi hiyo tuliposimama kando ya nyumba moja katika sehemu ya chini ya Nkuhungu, siku mbili baada ya mvua kubwa. Kodi ilikuwa nafuu sana, na kwa shule ya mume ilikuwa karibu kuliko zote. Lakini maji yalikuwa yametuama hadi kizingitini, na ukutani, juu ya rangi mpya, kulikuwa na mstari wa kahawia uliofika usawa wa goti. Mstari ule ulitueleza zaidi ya maneno ya mtu yeyote. Tuligeuza.

Utafutaji wa mara ya pili ulifanywa kwa namna nyingine kabisa. Mtaa ulitangulia, nyumba ikafuata. Hatukumpigia dalali hadi mitaa ilipobaki miwili. Kila mtaa tuliutembelea mara mbili, mara moja alfajiri kuona wanafunzi na watumishi wanasubiri usafiri wapi na kwa muda gani, na mara nyingine saa mbili usiku kuona taa, duka linalouza hadi saa ngapi, na bodaboda wanaegesha wapi. Kuhusu maji hatukumuuliza mwenye nyumba wala dalali. Tulimuuliza mama anayeuza genge, kwa sababu yeye huosha mboga kila siku na hana nyumba ya kupangisha. Tulimuuliza fundi bomba aliyekuwa akitengeneza mita kwa jirani. Na tulihesabu matangi. Mtaa ambao kila uwanja una tangi la lita 5,000 na jingine chini ya mti unakueleza jambo ambalo hakuna mtu atakayelisema kwa mdomo. Mwisho tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mwenyekiti, mzee mtulivu, alituambia bila kuficha ni upande gani korongo hukata njia kila masika na ni upande gani vibaka walisumbua mwaka uliopita. Watu wengi huifikia ofisi hiyo baada ya kuhamia, wanapohitaji barua ya utambulisho. Ni vema kufika kabla.

Area D walipapenda, ila nyumba zilizokuwa ndani ya uwezo wao zilikuwa vyumba viwili vilivyobanana nyuma ya nyumba kubwa, wakishirikiana mita ya umeme ya LUKU na wapangaji wengine watatu, na mita ya pamoja ni ugomvi wa kila mwezi. Chang'ombe ni karibu na mjini na kodi yake ni ya huruma, lakini nyumba zimesongamana bila mpangilio na gari la wagonjwa lisingefika mlangoni. Nzuguni ilikuwa na mvuto wa pekee: soko la Job Ndugai lipo, stendi kuu ya mabasi ipo, nyumba ni mpya na kodi ni ya wastani. Mume alitaka Nzuguni. Wakati ule, hata hivyo, mama wa genge wa Nzuguni alitupa jibu lile lile la Ihumwa kuhusu bomba; visima vilivyochimbwa huko baadaye vilikuwa bado havijaanza kuwahudumia, na mtu hupanga nyumba kwa maji yaliyopo siku ya kupanga.

Wakabaki na Ilazo, umbali wa kutembea kutoka shule ya binti. Nyumba waliyoipata ilikuwa ya zamani kidogo, vyumba vitatu, vigae vimechakaa, jiko dogo. Kodi ilikuwa shilingi 400,000. Maji yalitoka siku tatu hadi nne kwa wiki, tangi la lita 2,000 lilikuwepo, na kwa lita 300 kwa siku tangi hilo liliwavusha siku sita. Basi la watumishi wa wizara ya shemeji lilipita barabara kuu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mume alipanda daladala moja hadi mjini, kisha nyingine fupi. Hesabu tuliyoiandika kabla ya kusaini ilikuwa kodi 400,000, maji 25,000, usafiri wa mume 70,000, usafiri wa mtoto hakuna, jumla shilingi 495,000. Nyumba yenye kodi kubwa kwa shilingi 100,000 ingewapunguzia matumizi ya mwezi kwa shilingi 135,000.

Mkataba nao ulisomwa safari hii. Walimwomba mama mwenye nyumba malipo ya miezi mitatu badala ya sita. Alikataa mwanzoni, kisha alipoona familia yenye kazi na watoto akakubali kwa sharti kwamba baada ya hapo walipe miezi sita. Waliandikishana nani atalipia kunyonya shimo la maji taka likijaa, jambo ambalo Ihumwa halikuandikwa. Waliandikishana pia kuhusu kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU: ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na isipotajwa kwenye mkataba mpangaji huilipa kimyakimya mwaka mzima. Ni fedha ndogo. Inafaa kuandikwa hata hivyo, kwa sababu mwenye nyumba anayekubali kuiandika bila kununa atakuwa mwepesi hata siku paa litakapovuja.

Walihama wiki ya mwisho ya Machi, kwa makusudi, kabla ya mkutano wa Bunge la bajeti kuanza Aprili. Bunge linapokutana, nyumba za wageni hujaa na madalali huwa na wateja wengi wenye haraka, na mpangaji wa kawaida hapati nafasi ya kubembeleza bei.

Nikikitazama kisa hiki kwa jumla, naona kwamba kilichowaponza zaidi ni haraka, na haraka ilitoka mahali ambapo hawakupatarajia. Mwezi Oktoba waliohamia Dodoma walikuwa watatu tu: shemeji, mtoto mdogo na dada wa kazi. Mume na binti mkubwa hawakuja hadi Desemba. Kulikuwa na miezi miwili kamili ambayo kaya haikuhitaji nyumba ya vyumba vitatu hata kidogo. Chumba na sebule, vya kulipia miezi mitatu, popote penye usafiri, vingetosha, na katika miezi hiyo shemeji angejifunza mji kwa miguu yake mwenyewe: siku za maji, upepo wa vumbi, shule, na barua ya mume ingekuwa imefika. Kwa nini hakufanya hivyo? Kwa sababu posho ya usumbufu na fedha za kusafirisha mizigo zilikuwa zimeingia kwa pamoja. Mtumishi anayehamishwa huwa na fedha nyingi mkononi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, katika wiki ambayo anaujua mji kwa uchache kuliko wakati mwingine wowote. Wenye nyumba wanalijua hilo, na ndiyo maana miezi sita huombwa kwa sauti ya kawaida kabisa. Ningependa kila anayepokea barua kama ile aitenge fedha hiyo katika mafungu mawili siku hiyo hiyo, moja la makazi ya muda, na jingine lisiguswe hadi mwezi wa tatu.

Lipo pia jambo ambalo sikulizungumza nao wazi wakati ule na ambalo naona linastahili kusemwa. Shemeji alichagua Ihumwa kwa ajili ya usingizi wake na muda wake na watoto, na alikuwa na sababu, maana kwa miaka tisa ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa safari. Kuhamia Ilazo kulimrudishia sehemu ya mzigo huo: sasa anatoka nyumbani mapema zaidi, na anarudi saa kumi na nusu. Hesabu ya daftari haina safu ya jambo kama hilo. Nilimuuliza kama anajutia, akanijibu kwamba mwendo wa basi haumchoshi, kilichokuwa kikimchosha Ihumwa ni kuamka usiku wa manane kusikiliza kama bomba linalia. Namwamini. Lakini nadhani kaya inapopanga mtaa inapaswa kuuliza waziwazi ni nani ataongezewa safari na ni nani atapunguziwa, badala ya kuacha jumla ya fedha ijibu swali hilo kwa niaba ya wote.

Mwaka uliofuata mama mwenye nyumba alipandisha kodi hadi shilingi 450,000. Walirudi kwenye daftari: jumla mpya ilikuwa shilingi 545,000, bado chini ya ile ya Ihumwa kwa shilingi 85,000, na mtoto mdogo naye alikuwa akikaribia kuanza shule ile ile ya dada yake. Wakakubali kodi mpya bila kuipunguza. Walichoomba ni tangi la pili la lita 2,000 na mifereji ya kukinga maji ya mvua upande wa paa unaoelekea uani, na fundi alikuja kupima wiki iliyofuata.